Msimu wa kusi, ubao wa kukodi: Nani amlinde anayejifunza mawimbi Malindi?

Na Mwandishi Wetu, Malindi

Kijana amelala kifudifudi juu ya ubao wa buluu, kwenye mchanga mkavu, hatua chache kutoka pale wimbi linapoishia. Mwalimu wake amechuchumaa pembeni. Akipiga kofi moja, kijana anasukuma ubao kwa viganja, anachomoa mguu wa kushoto na kuuweka mbele, anasimama na kutanua mikono. Kofi jingine, analala tena. Wakirudia hivyo dakika kumi, mwalimu anaridhika, anamfunga kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu wa kulia, na wote wawili wanaingia majini.

Katika dakika hizo kumi kijana ameulizwa amefikia hoteli gani, anataka saa moja au mbili, na kama atalipa kwa simu. Hajaulizwa kama anajua kuogelea.

Ni mwezi wa Agosti. Shule zimefungwa, treni ya kutoka Nairobi inashusha familia Mombasa kila siku, na matatu za kuja Malindi zinajaa tangu alfajiri. Ufukwe wa ghuba una watu wa kila namna: wachuuzi wa miwani, watoto wanaofukiana mchangani, akina baba waliokunja suruali hadi magotini. Katikati yao zimesimamishwa mbao ndefu za rangi rangi, zikisubiri mteja.

Kijana yule hakupatwa na baya. Alianguka, akainuka, akasimama mara mbili kwa muda wa kutosha kupiga kelele za furaha. Lakini mimi niliyekuwa nikimtazama kutoka nchi kavu ilinibidi niwe natembea ili nisimpoteze. Alipoingia alikuwa sambamba na mashua iliyopakwa chokaa. Alipotoka mashua ile ilikuwa mbali nyuma yake, upande wa kusini. Akaanza kutafuta ndara zake. Akazunguka, akainama, akawauliza watoto, kisha akasema kwa uchungu kwamba zimeibwa. Ndara zilikuwa palepale alipoziacha.

> Alidhani ndara zake zimeibwa, kumbe bahari ndiyo iliyomhamisha.

Mwalimu alicheka na kumwelekeza. Mimi sikuweza kucheka. Mtu anayeweza kuhamishwa umbali huo bila kujua, maji yakiwa kiunoni, anaweza vilevile kupelekwa upande wa pili, ule usio na mchanga.

Ghuba isiyo na ukuta

Ili kuelewa kwa nini watu huja kujifunza mchezo huu wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao Malindi, yafaa kutazama kwanza mahali usipochezwa. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina ukuta wake wa asili. Kuanzia Diani, kupita Nyali na Bamburi, hadi Watamu, mwamba wa matumbawe umetanda sambamba na nchi kavu, kwingine nusu kilomita kutoka ufukweni, kwingine zaidi. Mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje. Ndani ya mwamba maji hutulia, na ndiyo maana fuo hizo zimependwa na familia miaka yote.

Mbele ya mji wa Malindi ukuta huo umekatika. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini mwa mji, na matumbawe hayastahimili maji matamu wala tope. Kusini kidogo, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyotangazwa mwaka 1968, matumbawe yangalipo. Ghubani hayapo, na wimbi linaingia moja kwa moja hadi mchangani.

Mto wenyewe huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukipita Tsavo huitwa Galana, na hapa hufika ukiwa Sabaki. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba ya Ukambani ndio uliolifungulia wimbi mlango, na ndio uliopanua ufukwe wa Malindi mwaka baada ya mwaka.

Kwa anayeanza, hilo ni jambo la heri. Chini ni mchanga. Ukianguka hapa unaangukia kitu laini, na povu la wimbi lililokwisha kuvunjika linatosha kusukuma ubao bila kumtisha mtu. Nje kwenye mwamba wa Diani wimbi ni zuri zaidi kwa aliyebobea, lakini linavunjika juu ya mawe makali yenye maji ya magotini, na miambani wamejificha viumbe weusi wa miiba mirefu ambayo ikiingia mguuni hukatikia humo humo. Huko si mahali pa mwanafunzi. Mwalimu anayempeleka mgeni wa siku ya kwanza mwambani, hata kama mgeni ndiye aliyeomba, amekosa kazi yake.

Shida ya Malindi ni majira. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo bahari huchafuka. Likizo ya Agosti inaangukia humo. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa bara, ambao maji mengi waliyozoea ni ya bwawa la kuogelea lenye ngazi ya chuma, wanakutana na bahari katika wiki zake za ukali. Wakirudi Disemba, kaskazi ikiwa imeshika, upepo unatoka upande mwingine na maji nayo yanageuka. Walichokariri Agosti inabidi wakiulize upya.

Maji yanayorudi

Wanaoanza huogopa wimbi, kwa sababu linaonekana na linanguruma. Wenye uzoefu hutazama mahali ambapo wimbi halivunjiki.

Kila wimbi linaleta maji ufukweni, na maji hayo lazima yarudi. Hayarudi sawasawa kote. Hutafuta mfereji katika mchanga wa chini, pale palipo na kina zaidi, yakakusanyika na kutoka kwa kasi kama mto mwembamba. Huo ndio mkondo. Kwa kawaida huenda taratibu, chini ya mita moja kwa sekunde. Siku bahari imechafuka unaweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, na kasi hiyo ni ya kumshinda hata muogeleaji wa Olimpiki.

Kwa kuwa juu ya mfereji maji ni marefu, wimbi halivunjiki pale. Ukisimama ufukweni unaona ukanda wa maji yaliyotulia, yenye rangi nzito zaidi, kati ya povu la kulia na povu la kushoto. Mgeni anautazama ukanda huo na kusema moyoni: hapa ndipo pazuri, hakuna fujo. Baba anaingiza watoto pale. Mwanafunzi wa siku ya pili, aliyechoka kupigwa na povu usoni, anapeleka ubao wake pale.

> Ukanda wa maji tulivu kati ya mapovu mawili ndio mlango wa kutokea.

Ukitazama vizuri utaona dalili nyingine: povu, majani na vijiti vinavyoelekea nje badala ya kuja ufukweni, na maji yenye viwimbi vidogo vidogo juu yake huku jirani yake yakiwa na mawimbi yaliyopangika. Msimu wa mvua, Sabaki ikiwa imejaa na ghuba yote imegeuka rangi ya matofali, dalili hizo ni ngumu kuziona hata kwa jicho lililozoea.

Mkondo haumvuti mtu chini. Unampeleka nje, na mara nyingi nguvu yake inaisha ukishavuka mstari wa mawimbi. Kinachoua ni kushindana nao: mtu anageukia ufukweni, anapiga maji kwa nguvu zake zote, haendi popote, anachoka, anaingiwa na hofu. Anayejua huacha kushindana. Anaelea, anapumua, anainua mkono, kisha anaogelea kuufuata ufukwe, kulia au kushoto, hadi atoke kwenye mkondo na kukutana na mawimbi yatakayomrudisha.

Mwenye ubao ana bahati kuliko muogeleaji mtupu, mradi asiuache. Ubao ni boya. Hata hivyo jambo la kwanza ambalo mtu mwenye hofu hufanya ni kuusukuma ubao pembeni ili aogelee.

Penye mwamba kuna namna nyingine ya hatari hiyohiyo. Maji yakianza kupwa, yale yaliyojaa ndani ya mwamba hutoka kupitia milango, zile nafasi wanazopitishia wavuvi vyombo vyao. Kwenye mlango mkondo haupotei baada ya hatua chache. Unaendelea kwa muda wote wa kupwa. Hapa ndipo elimu ya wavuvi inapozidi kitabu chochote cha mgeni. Mvuvi wa Watamu au wa Msambweni anajua tarehe ya mwezi kama anavyojua jina la mwanawe: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua inakaribia, maji yatajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari inatembea polepole.

Tena anajua kwamba maji hayaendi kwa kasi moja. Kupwa huchukua saa sita na dakika chache. Saa ya kwanza na ya mwisho maji huenda kivivu, lakini katika saa mbili za katikati nusu nzima ya maji hutoka. Somo la saa nne asubuhi siku ya bamvua linaweza kuanza kwenye maji yaliyosimama na kuisha kwenye maji yanayokimbia. Bei ya somo ni ileile.

Nani afundishe

Hapo ndipo mvutano ulipo, na hauko Malindi tu. Upande mmoja wapo vijana wa bichi. Wamezaliwa hapa, wameanza kuelea kabla ya kwenda shule, na ubao wa kwanza wa wengi wao uliachwa na mgeni aliyerudi kwao. Hoja yao ni nzito: hakuna mtu anayeijua ghuba hii kuwazidi. Wanapoambiwa wapate vyeti huuliza ni nani atakayelipia kozi, na ni nani aliyewahi kuwalipa hata shilingi siku walizowatoa wageni majini wakiwa wamezimia.

Upande wa pili ni wenye hoteli. Wana bima, wana mawakili, na wageni wao wakiumia barua huja kwao. Wangependa somo litolewe na mwalimu mwenye leseni, ndani ya muda maalumu, karatasi ikiwa imetiwa saini. Mbao za tangazo zinazowaonya wageni wasifanye biashara na watu wa ufukweni zimekuwepo miaka mingi, na kwa kijana anayeziona kila asubuhi ni tusi.

Wa tatu ni serikali, na yeye ana mikono mingi. Shirika la Wanyamapori linasimamia hifadhi za bahari. Kaunti ina leseni zake. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, vinashughulika na uvuvi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilizinduliwa 2018 na kina bahari nzima ya kutazama. Lakini ukisimama kwenye ufukwe wa umma siku ya Idi au Jumapili ya Agosti, ukitafuta mtu mmoja mwenye filimbi, boya na kiti cha juu, ambaye kazi yake ni kutazama vichwa vilivyo majini, mara nyingi humpati.

Nasimama na vijana, kwa sharti moja nitakalolitaja baada ya kuonyesha kwa nini mlinzi anahitajika. Wamarekani wana hesabu inayostahili kusomwa na kila anayepanga bajeti ya ufukwe: chama chao cha walinzi wa fuo kinakadiria kwamba katika ufukwe wenye walinzi walio chini ya chama hicho, uwezekano wa mtu kufa maji ni 1 kati ya milioni 18, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaookolewa na walinzi hao walikuwa wamenaswa na mkondo. Maana yake ni kwamba hatari yenyewe inajulikana, ni ileile kila mwaka, na dawa yake ni binadamu aliyefunzwa anayetazama. Katika ufukwe wa Bondi, Australia, tarehe 6 Februari 1938, mawimbi makubwa yaliyofuatana yaliwazoa mamia ya watu kwa mara moja. Walikufa 5. Idadi haikuwa kubwa zaidi kwa sababu siku hiyo waokoaji wa kujitolea walikuwa wengi mchangani, na kamba zao zikiwa tayari.

Sharti langu kwa vijana ni kwamba kuijua ghuba si sawa na kujua kumwokoa mtu mzima mwenye kilo 90 anayekukaba shingo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISA, humtaka mwalimu wa ngazi ya kwanza awe na cheti cha uokoaji majini, na hupendekeza wanafunzi wasizidi 8 kwa mwalimu mmoja. Hayo si matakwa ya kizungu ya kumnyima mtu riziki. Siku ya msongamano mwalimu mmoja huonekana akisukuma mbao za ndugu watatu huku wa nne, mdogo kuliko wote, akiwa amekwisha kwenda upande wa mashua.

> Kuijua ghuba si sawa na kujua kumwokoa mtu mzima anayekukaba shingo.

Na anayedhani kijana wa ufukweni hawezi kuwa mtaalamu wa kuheshimiwa, asome historia ya Waikiki, Hawaii. Mchezo huu ni wa watu wa Polinesia tangu enzi, na watalii walipoanza kumiminika mwanzoni mwa karne ya 20, waliowafundisha walikuwa vijana wenyeji wa ufukweni. Duke Kahanamoku, mzaliwa wa 1890, alitoka miongoni mwao akashinda dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Tarehe 14 Juni 1925, mashua ilipopinduka mbele ya Newport Beach, California, alikwenda na kurudi na ubao wake katika mawimbi makali na kuwatoa watu 8. Baada ya siku hiyo walinzi wa Marekani walianza kuutazama ubao kama chombo cha kuokolea. Miongo minne baadaye mwingine wa Hawaii, Eddie Aikau, aliajiriwa kuwa mlinzi wa ufukwe katika pwani ya kaskazini ya Oahu, penye mawimbi ya kutisha, na jina lake hadi leo hutajwa kwa heshima. Mafunzo, mshahara na sare viliwakuta wenyeji wakiwa na ujuzi tayari.

Somo la mchangani

Somo zuri huanza kwa kusimama tu. Mwalimu na mwanafunzi wanatazama bahari robo saa, na mwanafunzi anatakiwa aonyeshe kwa kidole: mkondo uko wapi leo, maji yanajaa au yanapwa, wanaotoka majini wanatokea wapi ukilinganisha na walikoingilia. Achague alama mbili nchi kavu, mnazi na paa la nyumba, ili kila baada ya mawimbi machache ageuke na kujua alipo. Kijana wa ndara angefundishwa hilo, asingewashuku watoto wa watu.

Kisha swali la kuogelea. Wapo walimu wanaosema si lazima: ubao una kamba, maji ni ya kiunoni, na ukimdai kila mgeni ajue kuogelea utafunga biashara. Wengine humvisha asiyejua jaketi la kuokoa maisha na kumshikia ubao muda wote. Naielewa hoja ya biashara, lakini siikubali. Kamba hukatika. Maji ya kiunoni hubadilika kuwa ya shingoni kwa hatua mbili, mchanga ukiwa umechimbwa na mkondo usiku uliopita. Asiyeweza kuelea chali dakika chache na kuogelea kuufuata ufukwe bila kugusa chini, apewe somo la kuogelea kwanza, na alipie hilo. Fedha ya mwalimu haitapungua.

Ubao wenyewe uwe mrefu, futi 8 au 9, na uso wa sponji. Ubao mgumu mfupi unaoonekana kwenye picha za mabingwa ni kisu mikononi mwa mwanafunzi. Majeraha mengi ya wanaoanza hutoka kwa ubao wao wenyewe, ukirudi na wimbi na kuwapiga mdomoni au mbavuni. Ndiyo maana ubao haukai kamwe kati yako na wimbi. Uko ubavuni, ncha ikitazama bahari. Kamba haizungushwi mkononi, kwa kuwa wimbi likiukurupusha ubao kidole kinaweza kwenda nao. Ukianguka, anguka bapa kama mkeka unaotupwa, usitangulize kichwa, maana hujui chini kuna kina gani. Na unapoibuka, mikono iwe imekizingira kichwa kabla ya macho kufunguka. Mambo haya manne yanafundishika mchangani kabla ya nguo kulowa, na mwalimu asiyeyafundisha anauza picha ya simu tu.

Jua la huku, digrii 3 tu kusini mwa ikweta, linaunguza mgongo hata siku ya mawingu. Fulana ya mikono mirefu inatosha. Pombe ya mchana na ubao haviendi pamoja.

Anayekwenda Paje au Jambiani, Zanzibar, ambako wageni hujifunza kuteleza wakivutwa na tiara kubwa za upepo, ana jambo jingine la kuheshimu. Bahari ile ni shamba. Akina mama wa vijiji hivyo wamelima mwani ndani ya mwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mambo, yaani vigingi vilivyochomekwa mchangani, na kamba zilizofungwa miche. Maji yakijaa mambo hayo hayaonekani. Mgeni anayeburutwa juu yake anaumia, na mama anapoteza kazi ya wiki nyingi. Mwalimu mwema huwauliza wenye shamba kwanza.

Dumu kabla ya kuruka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021 duniani, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wengi wao hawakuwa watalii. Walikuwa wavuvi, watoto waliokwenda kuchota, abiria wa mashua. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivi, wiki chache kabla ya msimu wetu wa Agosti kufika kileleni.

Tumezoea kusema mfa maji haishi kutapatapa. Ufukweni mara nyingi hatapatapi. Anayezama hana pumzi ya kuita. Mdomo uko sawa na maji, kichwa kimelalia nyuma, mikono inakandamiza maji pande zote mbili kama anayetaka kupanda ngazi, na ndani ya dakika moja ameshapotea. Anayepunga na kupiga kelele bado ana nguvu. Yule aliyenyamaza akiwa anatazama ufukweni kwa macho yasiyotulia ndiye wa kukimbiliwa.

Na kukimbilia huko kumeua wengi. Baba anaruka kumfuata mtoto, mjomba anaruka kumfuata baba. Waokoaji wenye mafunzo hawaendi mikono mitupu. Kitu chochote kinachoelea kinafaa, na hapa kwetu kipo kila banda: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara linamwezesha mtu mzima kuelea bila shida. Mtupie, au nenda nalo ukiwa umelitanguliza mbele ili alishike hilo badala ya shingo yako. Ubao wa kukodi ni bora zaidi. Dumu na kamba ndefu kwenye kila banda la kukodisha mbao ni gharama ya chini ya somo moja, na kaunti ingeweza kulifanya hilo kuwa sharti la leseni kesho asubuhi.

> Dumu na kamba kwenye kila banda ni gharama ya chini ya somo moja.

Akishatolewa, asikandamizwe tumbo wala kuning'inizwa miguu juu, desturi ambayo bado naiona fukweni kwetu. Inapoteza dakika na inaweza kuyapeleka matapishi kwenye mapafu. Kama hapumui anahitaji hewa kwanza: kichwa kiinuliwe nyuma, pua ibanwe, apuliziwe mdomoni, kisha kifua kisukumwe, bila kukoma, hadi msaada ufike. Huyu amekosa pumzi, na pumzi ndiyo ya kumrudishia mwanzo.

Waliozaliwa na bahari, wasiofundishwa

Kuna kundi ambalo halitajwi kabisa katika mjadala wa leseni na bima: wasichana wa pwani. Wamekulia hatua mia moja kutoka majini, wanaokota, wanalima mwani, wanavuka vivuko, na wengi hawajui kuelea. Sababu hazifichiki. Nguo za kuogelea zinazouzwa si za staha, walimu ni wanaume, na mtoto wa kike anayecheza baharini husemwa.

Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje ulionyesha kwamba vizuizi hivyo vyote vinaondoleka bila kumvunjia mtu dini wala heshima. Wasichana na akina mama walifundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili wote, hijabu ikiwa kichwani, na waliofuzu wakawa walimu wa wenzao. Picha alizopiga Anna Boyiazis za madarasa hayo zilitunukiwa katika shindano la World Press Photo la 2018. Kilichonigusa zaidi ni mpangilio wa somo lao: kuelea kwanza, uokoaji ndani ya mafunzo yaleyale, na mwalimu anatoka kijijini.

Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza kila mtoto kuanzia umri wa miaka 6 afundishwe kuogelea na kuokoa kwa njia salama. Shule za Malindi, Watamu na Diani zina bahari ya kufanyia mazoezi na wavuvi wa kuwaalika wafundishe majira. Nyingi hazina walimu wa kuogelea.

Jioni, wateja wakishaondoka, watoto wa kiume wa mjini huja ghubani na vipande vya mbao vya mashua kuukuu. Wanalala navyo kifuani na kupanda povu hadi mchangani, wakiingilia kusini na kutokea kaskazini, kisha wanarudi kwa miguu bila kuambiwa. Hawa ndio walimu wa mwaka 2035. Kaunti, wenye hoteli na vijana wa bichi wana nafasi ya kuamua sasa kama watawakuta na cheti cha uokoaji na mshahara, na dada zao wakiwa majini pamoja nao, au wakiwa na ubao mmoja na swali moja kwa mgeni: saa moja au mbili?